Barua za askari wa Keya kutoka Burma kwenda kwa wazazi wao: nani aliyezisoma kwanza?

Msomanyaraka (mwanzisha uzi)

Wakuu wa jukwaa la historia, salamu kwenu nyote.

Katika nyuzi nyingi za Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Afrika Mashariki hutajwa kwa mapigano aliyopigana na mara chache sana kwa maneno aliyoandika. Uzi huu ni wa maneno hayo, hasa barua alizowaandikia baba na mama. Hoja yangu naitaja mapema ili atakayeipinga asipate taabu ya kuitafuta: sehemu kubwa ya barua hizo inayonukuliwa leo imetufikia kupitia mkaguzi wa jeshi, ambaye alizifungua kwa sababu zake mwenyewe, akanakili alichokihitaji, akakigeuza kuwa Kiingereza, kisha barua yenyewe ikaendelea na safari. Kwa hiyo tunapodhani tunaisikia sauti ya askari, mara nyingi tunachosikia ni kile kilichomtia mkaguzi wasiwasi.

Kwa wasioyafahamu mazingira, Uingereza iliandikisha takriban watu 98,000 kutoka Kenya, 87,000 kutoka Tanganyika na 77,000 kutoka Uganda, bila kuwahesabu wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Malawi na Zambia za leo). Wengine walikuwa wapiganaji wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ndiyo Keya ya wazee wetu; wengine walikuwa madereva, wapishi, wauguzi, mafundi wa simu na vibarua wa kijeshi. Walipigana Somalia na Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagascar 1942, na mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikavushwa hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo). Katikati ya 1944 iliingizwa Burma (Myanmar ya leo), mvua zikiwa zimepamba moto, ili iwafukuze Wajapani katika bonde la Kabaw kutoka Tamu kwenda Kalewa. Kalewa ilitwaliwa mwanzoni mwa Desemba 1944, na hapo wahandisi wakatandaza daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vya kuunganishwa, lenye urefu wa futi 1,154 juu ya mto Chindwin. Malaria na homa iletwayo na utitiri wa vichakani ziliwaangusha watu kwa wingi katika bonde hilo. Kwa wazazi wa Machakos, Songea au Gulu, majina hayo yote hayakuwapo, na sababu ya kutokuwapo kwake ndiyo inayonileta kwenye safari ya barua.

Askari aliyejua kuandika aliandika mwenyewe, na asiyejua alimwendea mwenzake au karani wa kombania. Kuanzia 1942 palikuwapo pia kikosi cha elimu, East African Army Education Corps, ambacho walimu wake Waafrika walifuatana na askari wakiwafundisha kusoma na kuandika na kuwaeleza habari za vita. Wapo wanaume waliotoka kwao wakitia sahihi kwa dole gumba, na barua ya kwanza waliyoiandika kwa mkono wao waliiandika wakiwa ng'ambo. Barua ilipokamilika haikufungwa moja kwa moja, kwani ilipaswa kupita mbele ya ofisa, na huenda ikafunguliwa tena na wakaguzi wa kituo kikuu. Ilikuwa marufuku kutaja mahali, meli, mwelekeo wa kikosi au idadi ya waliokufa. Anwani ya kujibia ilikuwa nambari ya askari, jina lake, kikosi chake na nambari ya posta ya jeshi. Mzee aliyeigeuzageuza bahasha hiyo hakuweza kujua kama mwanawe amepumzika pwani ya Ceylon au yuko mtaroni.

Upande wa nyumbani nako njia ilikuwa ndefu. Posta ilikuwa mbali, hivyo barua ilifika kwa misheni, kwa chifu, kwa ofisi ya DC au kwa duka la Mhindi lenye sanduku la posta. Mzazi asiyejua kusoma alimtafuta katekista, mwalimu au kijana wa shule amsomee, na waliokuwa wameketi karibu walisikiliza pia, kwa sababu barua kutoka vitani ilikuwa habari ya watu wote. Jibu lilirudi kwa njia ileile, likiandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Tujiulize, basi, mtu mwenye akili timamu anamwandikiaje mama yake akijua kwamba karani, ofisa, mkaguzi, katekista na majirani watalisikia kila neno kabla halijamfikia?

Jibu langu ni kwamba aliandika salamu. Msomaji wa leo huziruka salamu za barua za zamani, zile za "mimi ni mzima, hofu yangu ni juu yenu", zikifuatwa na msururu wa baba wakubwa, mama wadogo, mashangazi, wajomba, wakwe na jirani wa ng'ambo ya mto. Mimi naona hapo ndipo barua yenyewe ilipo. Kusema "mimi ni mzima" juu ya karatasi yenye tarehe, katika vita, ni kutoa habari ambayo mama aliitaka kuliko nyingine zote, yaani kwamba siku ile mwanawe alikuwa hai. Mpangilio wa majina nao ulibeba mengi: nani ametajwa kwanza, nani ameongezwa tangu barua iliyopita, na nani ameachwa. Mjomba aliyeachwa alijua kuna jambo, na barazani pote walijua. Jina la rafiki wa kijiji kimoja aliyekuwa akitajwa kila mara kuwa "naye anawasalimu", likikosekana katika barua mbili zinazofuatana, lilianza kuwatia hofu wazazi wa rafiki huyo kabla ya taarifa yoyote ya serikali. Mkaguzi hakuwa na kazi na salamu hizo. Katika taarifa alizowaandalia makamanda na serikali alichukua lalamiko na tetesi, na salamu akaziacha. Ile sehemu ambayo askari aliielekeza kwa wazazi wake hasa ndiyo iliyokatwa kabla haijatufikia sisi.

Yaliyobaki katika taarifa hizo si ya uongo, lakini yamechujwa. Fedha zinajitokeza kila mahali. Askari aliweza kutenga fungu la mshahara wake lilipwe kwa baba, mama au mke kupitia ofisi ya wilaya, na malalamiko kwamba fungu halikufika, au lilifika likachukuliwa na mtu asiyehusika, yalijaa kwenye barua. Mengine yalihusu ng'ombe waliotakiwa kununuliwa, mahari, ada ya shule ya wadogo zake, mipaka ya shamba na bei ya nguo iliyopanda wakati bidhaa zilipoadimika. Hapa ndipo ninapoona mageuzi ambayo wachambuzi wengi hawayapi uzito. Kijana ambaye nyumbani asingethubutu kumwambia baba yake la kufanya, sasa alikuwa anatoa maelekezo kwa maandishi: nunua ndama na usimuuze, mpeleke mdogo wangu shule, usimalize mazungumzo ya posa kabla sijarudi. Heshima ya maneno ilibaki palepale, magoti yalipigwa katika kila mstari, lakini aliyeshika mfuko alikuwa mwana. Nadhani ugomvi mwingi wa ardhi na mali uliozuka baada ya askari kurejea ulianzia katika barua hizo.

Wake walikuwa mada nyingine, na wakaguzi waliipenda mno. Askari aliposikia fununu kuhusu mkewe hakumwandikia yeye kwanza, bali aliwaandikia wazazi wachunguze, na jeshi lilifuatilia kwa makini kwa sababu mtu mwenye wasiwasi wa nyumbani hapigani vizuri. Matokeo yake, atakayesoma dondoo hizo peke yake atadhani vijana wetu hawakuwa na fikra nyingine zaidi ya mke na shilingi. Hapana. Hayo ndiyo mkaguzi aliyoyatafuta.

Na yapo ambayo hayakuandikwa kabisa. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa Burma na Keya. Katika kumbukumbu alizozichapisha Kenya ilipokwisha kupata uhuru, anaeleza mazungumzo yake huko na askari Mwingereza aliyemuuliza, kwa maana, kwamba yeye akifa atakuwa ameifia nchi yake, je, Itote akifa nchi yake itapata nini? Neno kama hilo lisingeweza kutiwa katika barua kwa baba, kwa sababu lingesomwa na ofisa siku hiyohiyo. Lilikaa kifuani zaidi ya miaka 20 ndipo likapata karatasi. Mtu anayetaka kujua vita viliwabadilishaje vijana hawa kisiasa asitarajie kuyakuta mambo hayo wazi katika barua za wakati ule.

Wenye barua za namna hii katika familia zao, au waliosoma taarifa za wakaguzi zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Kenya pale Nairobi na zile za Uingereza kule Kew, London, karibuni tujadiliane.

Kitukuu wa Tabora

Mkuu, uzi mzuri, ila nakupinga kidogo. Unamfanya mkaguzi kuwa adui tu. Bila yeye tungekuwa na nini? Barua nyingi zilizofika vijijini ziliishia kusokotewa tumbaku, zililiwa na mchwa au ziliungua pamoja na nyumba ya nyasi. Mkaguzi alichunguza kwa nia mbaya, nakubali, lakini ndiye aliyetuwekea.

Tazama pia vita vilivyotangulia. Mwaka 1914 hadi 1918 wapagazi zaidi ya milioni moja walitumika katika pande zote za mapigano ya Afrika Mashariki, na inakadiriwa kwamba karibu laki moja walikufa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa maradhi na njaa. Ni wangapi walioandika barua kwa wazazi wao? Karibu hakuna, na hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuwakagua. Wamebaki katika majina ya mitaa, kama Kariakoo yetu ya Dar es Salaam, jina litokanalo na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Ujira wa wengi waliokufa haukuzifikia familia zao, na moja ya sababu ni kwamba hapakuwa na kumbukumbu za maandishi za kumuunganisha marehemu na wazazi wake. Ukilinganisha na hao, askari wa Burma mwenye nambari, bahasha na fungu la mshahara alikuwa na ushahidi mkononi.

Msomanyaraka

Nakubali kuhusu wapagazi, na mlinganisho huo una uzito kuliko nilivyokuwa nimefikiri. Mkaguzi simwiti adui. Ninachosema ni kwamba alikuwa msomaji mwenye maswali yake, nasi tumerithi majibu bila kuyaona maswali.

Wenzetu Wahindi wametutangulia katika kazi hii. Mwaka 1915 askari wa Kihindi waliokuwa Ufaransa na waliolazwa katika hospitali za Brighton waliandika nyumbani kuhusu pilipili nyeusi na pilipili nyekundu, wakimaanisha Wahindi na Wazungu, na kwamba nyeusi ilikuwa inamalizika. Wakaguzi waling'amua, wakaandika katika taarifa zao, na ndiyo sababu tunajua. Mafumbo yaliyofanikiwa hatutayajua kamwe, maana yalipita. Kwa Kiswahili, ambacho mtu anaweza kumsema jirani yake kwa khanga bila kumtaja jina, sioni sababu ya kuamini kwamba askari wetu walikuwa wanyofu kuliko Wahindi wale.

Mwana wa Bukavu

Asante sana, ndugu. Naomba msitusahau sisi wa Kongo. Askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walipigana Ethiopia, na tarehe 3 Julai 1941 jenerali wa Kiitaliano Gazzera alisalimu amri kwao kule Saïo. Halafu kuna jambo ambalo hata kwetu wachache wanalijua: hospitali ya vita kutoka Kongo ya Wabelgiji, yenye waganga Wabelgiji na wauguzi Wakongomani, ilifuatana na Divisheni ya 11 hadi Burma. Maana yake kijana wa Keya aliyejeruhiwa katika bonde la Kabaw aliweza kuhudumiwa na muuguzi kutoka kwetu, na lugha ambayo wengi wangeweza kukutana nayo ni Kiswahili. Mimi nimekuwa nikijiuliza kama kuna barua za askari wa Keya zilizoandikwa na mikono ya Wakongomani pale hospitalini, kwani aliyevunjika mkono lazima aandikiwe na mwingine. Anayezipitia barua za familia aangalie kama mwandiko umebadilika ghafla.

Mtunza Sanduku

Hoja ya mwandiko ni ya maana sana. Katika familia nyingi watu huona barua mbili zenye miandiko tofauti wakadhani moja si ya babu. Zote ni zake; aliyeshika kalamu ndiye aliyebadilika.

Kwa kuwa ninashughulika na karatasi za zamani, naomba niseme machache ya kiutendaji kwa watakaokwenda kufungua masanduku baada ya kusoma uzi huu. Bahasha isitupwe hata ikiwa imechanika, kwa sababu mhuri wa mkaguzi, nambari ya posta ya jeshi na muhuri wa tarehe viko juu ya bahasha, wala si ndani ya barua. Msizibandike selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Msizifunike kwa plastiki ya moto kama vitambulisho, haziwezi kuokolewa tena. Pigeni picha pande zote mbili mchana, mbali na jua kali, kisha mziweke katika bahasha safi ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Na kama bibi au babu bado yupo, asomewe barua kwa sauti huku mkimrekodi, kwa sababu yeye ndiye atakayewaambia yule "mwenzangu wa Kilosa" alikuwa nani.

Binti Mombasa

Naongeza habari ya wale ambao barua zao zilikoma. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu 1,511, miongoni mwao askari 996 wanaohusiana na Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 na kuzama katika muda wa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Majina ya askari wa Kikosi cha 301 yameandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye mnara wa ukumbusho wa Afrika Mashariki, kwa sababu kaburi lao ni bahari.

Ninawaza kuhusu wazazi wao kwa kuzingatia utaratibu uliouelezea, Mkuu. Mwana hakuruhusiwa kutaja meli wala safari. Barua ya mwisho, ikiwa ilitumwa kutoka kambini kabla ya kupanda meli, haikuweza kusema "tunaondoka". Kwa hiyo mzazi hakuwa na tarehe ya kuanza kuhesabu. Alikuwa na ukimya tu, na ukimya ulikuwa wa kawaida kwa sababu posta ilichelewa kila mara.

Msomanyaraka

Umenikumbusha upande ambao hoja yangu ya mwanzo haikuufikia, dada. Nimezungumzia mno yaliyoandikwa. Ukimya nao ulikuwa sehemu ya mawasiliano haya, na pande zote mbili zilikuwa na kazi ya kuufasiri. Kule Burma askari alikaa muda mrefu bila jibu, akaanza kudhani amesahauliwa au fungu lake limeliwa, na wakati huohuo kule nyumbani, mwaka 1943, sehemu kubwa za Kenya zilikuwa katika upungufu mkali wa mahindi na watu wanatafuta chakula. Baba aliyekuwa na njaa alifikiri mara mbili kabla ya kumwandikisha mtu barua ya kumpa mwanawe wasiwasi, hivyo naye akaandika kwamba wote ni wazima. Mwana alificha homa, wazazi wakaficha njaa, na mkaguzi aliyesoma pande zote mbili pengine ndiye mtu pekee aliyejua kwamba wote wawili wanafichana.

Kitukuu wa Tabora

Hapo sasa nakubaliana nawe kabisa. Swali langu la mwisho: barua za wazazi kwenda vitani ziko wapi? Tunazungumzia za askari tu.

Msomanyaraka

Nyingi hazipo, na sababu yake ni ya kawaida tu. Barua ya mwana ilihifadhiwa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Barua ya baba ilibebwa mfukoni na mtu anayelala kwenye mtaro uliojaa maji, akivuka mito katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, akiwa na ruhusa ya kubeba vitu vichache. Karatasi haidumu katika hali hiyo. Kilichobaki cha wazazi kinapatikana kwa kukisia kutokana na majibu ya mwana: akiandika kwamba amefurahi kusikia ndama amezaliwa, unajua baba alisema nini.

Kwa wanaotafuta ndugu asiyerudi, nambari ya askari iliyoko kwenye bahasha itawafaa kuliko jina. Makarani wa jeshi waliandika majina ya Kiafrika kama walivyoyasikia, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia mbili au tatu, au kwa jina lake na la baba yake yakiwa yamegeuzwa. Tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inaruhusu kutafuta kwa nambari hiyo. Walioanguka Burma wengi wako katika makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon na Imphal upande wa India, na wasio na kaburi linalojulikana wametajwa katika minara ya ukumbusho. Atakayekwama aweke hapa picha ya bahasha akiwa ameficha jina, nasi tutamsaidia kuusoma mhuri.